Nani alisema steringi hafi?

Tuliokulia kwenye vibanda umiza tunaijua kanuni moja ambayo hakuna mwalimu aliyetufundisha: steringi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatupwa mtoni, atafungwa kamba karibu na dumu la petroli, lakini wewe uliyelipa kiingilio unakaa kwenye benchi lako kwa amani, maana unajua dakika za mwisho atainuka. Wanaokufa ni wale wengine. Na kama kwenye picha alikuwemo mtu mweusi mmoja tu, hata mtoto wa darasa la pili alijua huyo ndiye atakayetangulia.

Leo nawaletea habari za steringi aliyekufa. Hakufa kwenye picha. Alikufa nyumbani kwake, West Hollywood, tarehe 8 Septemba 1965, akiwa na umri wa miaka 42. Jina lake Dorothy Dandridge. Na nikiri mapema kwamba naandika kwa hasira. Siyo hasira juu ya Hollywood peke yake, huko ningekuwa nimechelewa mno. Hasira yangu ni juu yetu sisi tunaojiita waandishi wa habari, kwa namna tunavyopenda kumsimulia mwanamke huyu.

Miaka kadhaa iliyopita, kwenye chumba cha habari nilikojifunzia kazi, niliambiwa niandae ukurasa wa mastaa waliokufa maskini. Nikamweka Dandridge. Nikaandika kama wanavyoandika wote: mrembo, wanaume, vidonge, akaunti ya benki iliyobakiwa na dola 2 na senti 14. Nikafunga kwa nasaha, wasichana jihadharini na mapenzi ya mastaa. Mhariri akafurahi. Picha ikawa kubwa kuliko maneno. Juzi nimeisoma tena ile makala na nimeona aibu. Karibu kila nilichoandika kilikuwa kweli, na makala yenyewe ilikuwa uongo.

Nitawaeleza ni kwa vipi. Tuanze mwanzo.

Dorothy alizaliwa tarehe 9 Novemba 1922 mjini Cleveland, jimbo la Ohio. Mama yake, Ruby, alikuwa mwigizaji, naye alikuwa ameshaachana na mumewe kabla Dorothy hajazaliwa. Dorothy na dada yake Vivian wakawekwa jukwaani wakiwa bado watoto wadogo, kwa jina la The Wonder Children, wakazungushwa majimbo ya kusini wakiimba na kucheza. Wenzao wako shuleni, wao wako barabarani. Baadaye walipokuwa wasichana walimwongeza mwenzao mmoja, wakawa The Dandridge Sisters, wakafika mpaka Cotton Club ya New York, klabu ambayo jukwaani walisimama weusi na mezani walikaa weupe.

Mwaka 1941 Dorothy alionekana kwenye filamu ya Sun Valley Serenade, akicheza muziki pamoja na wale ndugu wawili mafundi, Nicholas Brothers. Hapa kuna ufundi mmoja wa kazi ya sinema ambao inafaa muujue. Studio za wakati ule zilizoea kuwapanga wasanii weusi kwenye kipande cha muziki kinachojitegemea, kisichogusa hadithi. Kwa nini? Ili filamu ikifika kusini, mwenye jumba la sinema akikate kile kipande, na hadithi iendelee bila mtazamaji kujua kwamba kuna watu wameondolewa. Yaani ulikuwa unaajiriwa tayari umewekewa alama ya mkasi.

Mwaka 1942 aliolewa na mmoja wa ndugu hao, Harold Nicholas. Mwaka 1943 akamzaa binti, Harolyn. Mtoto alikuwa na madhara kwenye ubongo, na ikabainika kwamba atahitaji kuangaliwa na watu maisha yake yote. Ndoa ikavunjika mwaka 1951. Gharama za matunzo ya mtoto zikawa juu ya mama. Mkumbukeni huyu mtoto, nitamrudia.

Sasa, mwanamke mweusi aliyetaka kula kwa kuigiza miaka ile alikuwa na nafasi moja ya uhakika: jikoni. Hattie McDaniel alipata Oscar mwaka 1940, mtu mweusi wa kwanza kuipata, kwa kuigiza mtumishi wa nyumbani, na usiku huo wa tuzo alikalishwa meza ya pembeni mbali na wenzake wa filamu ileile. Televisheni ilipoingia, mchezo wa kwanza wa mfululizo wa Kimarekani kumpa mwanamke mweusi uhusika mkuu uliitwa Beulah, kuanzia 1950 mpaka 1953. Beulah alikuwa nani? Mtumishi wa nyumbani. Ruby, mama yake Dorothy, aliigiza humo, na majukumu yake mengi yalikuwa ya aina hiyo. Simcheki. Alilea watoto kwa ile aproni. Lakini Dorothy alitaka kazi nyingine, na mwaka 1953 aliipata kwenye Bright Road, akiwa mwalimu wa shule ya msingi, pamoja na Harry Belafonte. Mwalimu, jamani. Mtu mwenye chaki mkononi.

Halafu ikaja Carmen Jones, 1954. Mwongozaji Otto Preminger mwanzoni alimwona kuwa ni binti wa heshima mno kwa Carmen, mwanamke wa kuwasha moto. Dorothy akaenda akabadili nywele, nguo na mwendo, akarudi mbele yake akiwa Carmen mwenyewe. Akapewa kazi. Tarehe 1 Novemba 1954 akawa kwenye jalada la jarida la Life. Kisha likaja teuzi la Oscar la mwigizaji bora wa kike, mhusika mkuu, ambalo hakuna mwanamke mweusi aliyewahi kulipata kabla yake. Tarehe 30 Machi 1955 tuzo ikaenda kwa Grace Kelly.

Hapa ndipo ile makala yangu ya zamani ilipoandika neno "historia" kwa mbwembwe na kurukia vitanda. Nilikosea kuruka. Swali ambalo mwandishi yeyote wa biashara angeliuliza, lakini sisi wa burudani hatuulizi, ni hili: kesho yake alikwenda kazini wapi?

Linganisheni. Grace Kelly, kati ya usiku ule na mwisho wa 1956, filamu zake tatu ziliingia kwenye majumba ya sinema: To Catch a Thief, The Swan na High Society. Halafu akaacha kazi kwa hiari yake, akaolewa na mtawala wa Monaco. Dorothy Dandridge, aliyekuwa na mkataba wa filamu tatu na Twentieth Century-Fox mfukoni, hakuonekana kwenye filamu yoyote mpya mpaka 1957. Miaka zaidi ya miwili. Mwanamke aliyekuwa kwenye jalada la Life!

Na kwetu Afrika Mashariki tumo kwenye hesabu hii bila kujua. Teuzi la kwanza la Oscar la Grace Kelly lilitokana na Mogambo ya 1953, filamu iliyopigwa Kenya, Tanganyika na Uganda, wakati Kenya iko chini ya hali ya hatari. Wazungu wanapendana mbele, Waafrika wanabeba mizigo na kupiga ngoma nyuma. Miaka miwili kabla yake, Dandridge alikuwa kwenye Tarzan's Peril, filamu ambayo sehemu ya picha zake zilipigwa Kenya. Yeye alikuwa malkia wa kabila la Ashuba. Msihangaike kulitafuta kabila hilo kwenye ramani, halipo. Ardhi ileile, na bado mmoja ilimfungulia mlango, mwingine akaishia kuwa malkia wa watu wa kubuni, akiokolewa na Tarzan.

Kwa nini hakuwa na kazi? Jibu lipo kwenye maandishi, siyo kwenye chumba cha kulala. Hollywood ilikuwa na kanuni zake za maadili, zilizoandikwa 1930 na kusimamiwa kwa nguvu kuanzia 1934. Kati ya yaliyopigwa marufuku ni mapenzi kati ya mweupe na mweusi. Marufuku hiyo ilikaa mpaka 1956. Na nje ya sinema, majimbo mengi yalikuwa na sheria za kuzuia ndoa za namna hiyo, na ya mwisho hayakunyamazishwa mpaka uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa mwaka 1967, miaka miwili baada ya Dorothy kuzikwa.

Sasa fikirini kazi ya steringi wa kike wa miaka ya 1950. Lazima kuwe na mwanaume, ampende, ambusu. Masteringi wa kiume weusi waliopewa filamu kubwa walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Weupe walikuwa tele, lakini hawaruhusiwi kumgusa. Kwa hiyo Hollywood ilimtambua kama steringi na papo hapo ikamnyima picha ya kuwa steringi ndani yake. Ni sawa na kumpa mtu leseni ya udereva kisha ukamkataza barabara.

Alipopata kazi hatimaye, Island in the Sun ya 1957, aliigiza na John Justin, Mwingereza mweupe. Kanuni ilikuwa imeshalegezwa, lakini woga ulikuwa palepale. Wanacheza muziki, wanakumbatiana, wanatazamana sana. Hadithi inasema wanapendana mpaka wanaondoka pamoja, ila kamera ina aibu kama shangazi aliyeingia chumba kisicho chake.

Nawasikia wenye kupinga. Hoja ya kwanza: alijiponza mwenyewe, kwani alipewa The King and I akaikataa. Ni kweli aliikataa. Uhusika wa Tuptim ukaenda kwa Rita Moreno, filamu ikatoka 1956 na kufanya vizuri, na Preminger, ambaye wakati huo alikuwa mpenzi wake, ndiye aliyemshauri asikubali. Lakini tazameni alichopewa. Tuptim ni msichana anayepelekwa kwa mfalme kama zawadi. Mtumwa. Ndio kwanza ametoka kutajwa kuwa miongoni mwa waigizaji watano bora wa kike wa mwaka, na pendekezo linalofuata ni kurudi kwenye nafasi ya pembeni, na kuwa mali ya mtu. Mnaweza kusema angefanya hesabu nyingine. Mimi nasema aliyeweka mezani hesabu yenye jibu baya pande zote asijifiche nyuma ya aliyejibu.

Hoja ya pili: wanaume na vidonge. Ni kweli pia. Preminger hakumuoa. Jack Denison alimuoa mwaka 1959, na mwaka 1962 wakaachana. Pesa zilipotea kwenye uwekezaji mbovu, na mwaka 1963 akafilisika. Lakini hebu niambieni, ni mastaa wangapi weupe wa miaka ile waliokuwa na wanaume wabaya na vidonge? Wamejaa kitabu. Tofauti ni kwamba mwenye kazi akiibiwa na mume leo, kesho ana filamu ya kulipia deni. Dorothy alikuwa anaishi kwa kuimba kwenye klabu na mahoteli. Las Vegas ya miaka ile ya ubaguzi ilimpokea msanii mweusi jukwaani na kumnyima chumba cha kulala. Na hata uimbaji huo, ambao ndio uliomlisha toka utotoni, kwenye Carmen Jones hausikiki: muziki ni wa opera, sauti iliyorekodiwa ni ya Marilyn Horne.

Sasa turudi kwa mtoto. Kwa miaka yote hiyo Dorothy alilipia matunzo binafsi ya Harolyn. Mwaka 1963 pesa zilipokwisha, binti akapelekwa hospitali ya serikali ya wagonjwa wa akili. Kama mnataka kujua mwigizaji kukosa kazi maana yake nini, msitazame gauni kwenye jalada la Life. Tazameni mlango wa hospitali ile, na mama anayegeuka kuondoka.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa kalamu hatulipendi. Mwaka 1957 jarida la udaku la Confidential liliandika kwamba Dorothy alikuwa amelala na mwanaume mzungu msituni, karibu na Lake Tahoe. Mastaa wengi walikuwa wananyamaza, wakiogopa kuchafuka zaidi. Yeye alishtaki, na akapanda kizimbani Los Angeles kutoa ushahidi dhidi ya jarida hilo. Utetezi wake ulikuwa nini? Kwamba jambo hilo lisingewezekana, kwa sababu ubaguzi wa mahali pale haukumruhusu mwanamke mweusi kutembeatembea na mwanaume mweupe. Alilipwa dola 10,000 kumaliza madai yake. Hebu tulieni hapo kidogo. Minyororo ileile iliyomnyima kazi ndiyo aliyolazimika kuinua mahakamani ili kulinda jina lake. Ubaguzi ndio ulikuwa shahidi wake.

Na sisi, zaidi ya miaka 60 baada ya kifo chake, bado tunaandika upande wa Confidential. Tunaandika kwamba alijiua kwa sababu ya mapenzi. Nani alitwambia? Wachunguzi wenyewe wa Los Angeles walitoa majibu mawili: moja lilitaja dawa ya kutibu sonona kuzidi mwilini, jingine lilitaja chembe za mafuta zilizoingia kwenye damu kutokana na mfupa wa mguu uliovunjika. Na wakati anakufa alikuwa anajiandaa kwenda New York kuimba. Alikuwa na kazi inayomsubiri. Huyo si mtu ninayeweza kumwandikia nasaha za mapenzi.

Mtasema hayo ni ya kale. Haya, tuje karibu. Mwaka 1999 Halle Berry alimwigiza Dandridge kwenye filamu ya televisheni. Mwaka 2002 Berry alishinda Oscar ya mwigizaji bora wa kike na jina la Dorothy Dandridge likawa la kwanza kutajwa alipoanza kuwakumbuka waliomtangulia. Ukumbi ukalia. Magazeti yakaandika kwamba mlango umefunguka. Naandika haya zaidi ya miaka 20 baadaye, na kwenye tuzo ile ya mhusika mkuu wa kike Berry bado ni mwanamke mweusi pekee. Mlango uliofunguka ukapitisha mtu mmoja unaitwa mlango kweli?

Njooni karibu zaidi, kwa dada yetu Lupita Nyong'o. Mwaka 2014 alipata Oscar ya mwigizaji msaidizi kwa kuigiza Patsey, mtumwa, kwenye 12 Years a Slave. Nchi nzima ya Kenya ilikesha, na sisi majirani tulijifanya wajomba. Mwaka 2025, akihojiwa na Mkenya mwenzake Larry Madowo wa CNN, alisimulia kwamba baada ya tuzo ile alidhani zitakuja nafasi za kuongoza filamu. Zilizokuja ni za utumwa tena, ila safari hii mtumwa yuko ndani ya meli.

Niliposikia hilo neno meli nilisimama. Kwa sababu baada ya teuzi lake Dorothy Dandridge alipewa nini? Kwanza Tuptim, mtumwa wa mfalme. Halafu, mwaka 1958, Tamango, iliyotengenezwa Ufaransa: mtumwa, ndani ya meli. Kati ya wanawake hawa wawili kuna zaidi ya nusu karne, bahari na utaifa tofauti, na pendekezo lililowafikia mezani ni lilelile. Wala msiniambie ni bahati mbaya.

Ndio maana nasema sifa ya "wa kwanza" inatakiwa itutie mashaka kabla ya kututia furaha. Ukiandika fulani ni wa kwanza, endelea na sentensi ya pili: wa pili alikuja lini? Na ya tatu: huyo wa kwanza alilipwa nini mwaka uliofuata, na nani? Sentensi hizo mbili hazina picha kubwa. Haziuzi. Lakini bila hizo, sisi ni wapambe wa mwajiri. Na msidhani nawasema wa Hollywood tu. Waigizaji wetu wa hapa nyumbani tunajua wanalala wapi, wamegombana na nani, gari wamehongwa na nani. Ni wangapi kati yetu tumewahi kuuliza mkataba wao ulisema nini, na filamu ile inayouzwa mpaka leo, wao wanapata senti ngapi? Siku wakifa ndipo tutakapofanya hesabu ya akaunti zao, na kuita maskini mtu ambaye hatukuuliza nani alimfanya hivyo.

Kama hamjaiona Tamango, itafuteni. Dorothy ni Aiché, mtumwa aliyefanywa kimada wa nahodha. Watumwa wanaasi, wanashindwa, wanajifungia chini kwenye ngama. Yeye ana nafasi ya kupanda juu na kuishi. Hapandi. Anabaki chini na wenzake, wanaanza kuimba, na nahodha anaamuru mzinga uelekezwe kwao.

Steringi anakufa. Lakini mpaka mzinga unalia hajapanda juu, na hakuna mwandishi wa udaku wa kumwambia alikufa kwa ajili ya mwanaume.

Naomba kuwasilisha.